Usiniachie Akiba

Vijana, mkitaka kujua kiuno cha kweli cha mwanamume, msimpime akiwa amenyamaza. Akiiona tepu tu, anavuta pumzi, tumbo linaingia ndani, anasimama kama askari wa gwaride. Ukiandika kipimo hicho, wiki ijayo atakurudishia suruali na kelele juu. Dawa yake ni kumwuliza swali. Mwulize kama kwao mvua imenyesha, au mtoto wa mwisho yuko darasa la ngapi. Akifungua mdomo kujibu, pumzi inatoka, tumbo linarudi mahali pake, na hapo ndipo unasoma namba. Nimefanya hivyo zaidi ya miaka arobaini kwenye baraza moja la Kariakoo, na sijamkuta aliyeweza kueleza habari za watoto wake huku amebana tumbo.

Jina langu ni Rajabu, ila jina hilo analitumia mke wangu tu. Wengine wote wananiita Fundi. Nilikuwa nashona suruali na kaunda suti, na kanzu zikija sikuzikataa. Sasa nipo nyumbani Ilala, cherehani nimeifunika kitambaa, kwa sababu tundu la sindano na macho yangu hawasalimiani tena. Nawaandikia nyinyi mnaojifunza kushona, na nyinyi msioshona pia, maana kiuno kila mtu anacho.

Nilifundishwa kazi mtaa wa Gerezani na marehemu Fundi Athumani, mtu mwembamba, mkali, ambaye chaki ilikuwa haitoki nyuma ya sikio lake hata akilala. Yeye ndiye aliyenifundisha akiba. Suruali ya kushonesha, kwa wasiojua, haikatwi sawasawa na mwili. Kwenye mshono wa nyuma unaacha kitambaa kidogo kilichokunjwa kwa ndani, inchi moja kila upande, ukiwa mkarimu zaidi ya hapo. Mteja akinenepa, unafumua mshono, unakifungua kile kilichokunjwa, unashona upya, suruali inaendelea na maisha. Hicho ndicho tunachokiita akiba. Fundi asiyeacha akiba, mzee wangu alikuwa akisema hajui kazi na hawajui watu.

Akanifundisha na jambo la pili, nalo nililishika vizuri kuliko la kwanza. "Sikiliza wewe," aliniambia. "Mteja hanenepi. Kitambaa ndicho kinachorudi." Maana yake, mtu akija suruali inambana, usimtazame tumbo. Tazama suruali, isikitikie, sema kitambaa kimerudi, kimesinyaa kwa sababu ya maji au sabuni, kisha chukua wembe ufumue. Mteja anaondoka na heshima yake, na kesho anarudi kwako. Niliiona ni hekima kubwa sana wakati ule.

Viuno vina misimu yake, mtajifunza. Mwaka wangu wa kwanza kujitegemea nilipokea suruali nyingi za Idd. Nikapima watu mwezi wa Shaabani, nikakata kwa vipimo vile vile, nikawa na raha zangu. Nikajisemea watu watafunga mwezi mzima, kama ni kubadilika watapungua. Siku ya Idd asubuhi nikagongewa mlango na wanaume watatu wamevaa mashati nje, na kila mmoja ameshikilia suruali kiunoni kwa mkono. Haikufunga hata moja. Nilikuwa nimesahau uji wa pilipili manga, tambi, mihogo ya nazi, sambusa, na daku juu yake. Tangu mwaka ule, suruali ya Idd niliiongezea inchi nzima na sikumwambia mtu. Na ndugu zetu wa Kilimanjaro wenye maduka ya jumla Kariakoo nao walikuwa na msimu wao. Desemba wanapanda kwao kula sikukuu, Januari wanarudi mjini, na mimi Januari yote nilikuwa mtu wa wembe, nafumua tu.

Haya yote yamo kwenye daftari langu la vipimo. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake, jina juu, namba chini. Ukifungua kurasa zile, unaona watu wakipanuka mwaka hadi mwaka. Thelathini na mbili, thelathini na nne, thelathini na saba, arobaini. Ukurasa mmoja tu haukuwa hivyo.

Ukurasa huo ulikuwa wa Mzee Salumu. Alikuwa Mwarabu wa Mchafukoge, mzaliwa wa hapa hapa, anauza halua, tende na kahawa kwenye duka ambalo upana wake ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Ijumaa alivaa kanzu, siku nyingine suruali ya kijivu na shati jeupe. Alikuja kwangu mara ya kwanza akiwa mtu mzima tayari, nikampima, thelathini na mbili. Nilipotaka kukata akanizuia.

"Fundi, mimi usiniachie akiba."

"Mzee, kila mtu anaachiwa. Kesho na keshokutwa huijui."

"Naijua. Nikishajua ipo, nitaila."

Nilicheka. Nikakata bila akiba huku moyoni nikisema huyu atarudi, nami nitamwambia nilikuonya. Akarudi baada ya mwaka kushona nyingine. Thelathini na mbili. Akarudi tena. Thelathini na mbili. Kuna mwaka nilidhani nimenakili kipimo cha zamani kwa uvivu, nikampima mara mbili, tena nikamwuliza habari za binti yake ili pumzi imtoke. Akanijibu kwa kirefu, kwa sababu alimpenda sana Zuhura wake, na tepu ikakaa pale pale. Nywele zikawa nyeupe, meno yakapungua, mgongo ukaanza kuinama kidogo, lakini kiuno hakikusogea.

Mimi nilimwonea wivu mtu yule, nasema wazi. Tena muuza halua! Ningekuwa mimi nimekaa kutwa mbele ya sinia la halua yenye lozi na iliki, jioni ningebebwa. Yeye alikula kipande kimoja, Ijumaa, baada ya sala, kinene kama kidole chake cha mwisho. Alikula polepole, amefumba macho, na siamini kama kuna mtu Dar es Salaam aliyeifaidi halua kuliko yeye. Hakuwa mtu wa kujinyima, hapo ndipo wengi walipomwelewa vibaya. Harusini alikula pilau, akaisifu, akauliza mpishi ni nani. Ila sahani ikiisha, anaifunika kwa kiganja, na mwenye sinia akipita mara ya pili, mzee anamtabasamia kama mtu anayemuaga rafiki. Kahawa yake ilikuwa vikombe viwili vidogo, chungu. Soda sikumwona nayo. Na kila chakula alikiacha wakati bado anakitamani. Nilimwuliza siku moja, mzee, huoni njaa? Akasema, "Naiona. Tumezoeana." Akainuka akaenda zake kwa miguu, na jua la saa nane lile.

Sasa niwaambie kosa langu.

Jirani ya baraza langu palikuwa na duka la jumla la vyombo vya plastiki, la bwana mmoja wa Kilimanjaro, Massawe. Tulimwita Mangi, kama tunavyowaita wenye maduka wa huko kwao. Alipofungua duka alikuwa kijana wa thelathini na nne kiunoni, anabeba mabeseni kichwani mwenyewe, anakimbia. Alikuwa na moyo mzuri sana. Mke wangu alipougua, Massawe alifunga duka mchana kweupe siku ya biashara, akatupeleka hospitali, akakaa nami kwenye benchi mpaka daktari alipotoka. Mtu wa namna hiyo hupati wawili.

Basi duka likakua, na Massawe naye akakua. Saa nne supu ya kongoro na chapati tatu. Saa saba ubwabwa na nyama. Saa kumi soda mbili za baridi. Jioni bia na kilo ya nyama choma na wenzake. Kila aliyepita alimsifu, "Mangi, umenawiri!" Nami nilimsifu. Kitambi kilikuwa ndiyo dalili kwamba mambo yako yamekaa sawa, hata benki walikusalimia vizuri zaidi. Akija na suruali inayombana, mimi nikaitazama suruali, nikaisikitikia, nikasema, "Mangi, kitambaa kimerudi." Yeye akailaumu sabuni. Nikafumua akiba. Akiba ikiisha, nikamshonea nyingine yenye akiba kubwa zaidi. Thelathini na sita. Thelathini na nane. Arobaini na moja. Namba nilikuwa naziandika kimyakimya, yeye sikumsomea hata moja.

Siku moja Mzee Salumu alikuwa amekaa kwenye benchi langu akingoja suruali yake ipigwe pasi. Massawe akaja, akamwamkia, "Shikamoo mzee," akajibiwa, "Marahaba, Mangi," kisha akanikabidhi suruali ya bluu. Nikampima. Arobaini na nne. Nikasema maneno yangu yale yale, kitambaa kimerudi. Massawe akacheka, akaenda zake akihema kwa hatua ishirini za kufika dukani kwake.

Mzee Salumu akaichukua ile suruali, akaisugua kwa vidole. Baba yake aliuza vitambaa, vidole vyake vilikuwa vinajua.

"Hii si tetroni?"

"Ni tetroni, mzee."

"Tetroni imeanza lini kurudi?"

Tetroni ni kitambaa cha nyuzi za kiwandani, hairudi hata ukiichemsha, kila fundi anajua. Mzee akaiweka suruali juu ya cherehani.

"Mkewe anamwona kila siku, kwa hiyo haoni kitu," alisema. "Yeye mwenyewe anamezwa na sifa. Hapa Kariakoo nzima mwenye kujua ni wewe, umeandika na tarehe. Na unamwambia habari ya sabuni."

Aliondoka na suruali yake. Nami, vijana, sikufanya kitu. Niliona aibu, niliogopa kumpoteza mteja, niliogopa kumpoteza rafiki, nikajidanganya kwamba tumbo la mtu si kazi ya fundi. Nilimfumulia Massawe akiba ya mwisho nikanyamaza. Mpaka leo nikiikumbuka siku hiyo najisikia vibaya.

Haikupita miezi mitatu. Massawe alianguka dukani akishusha mabeseni kwenye rafu. Hospitali wakamkuta sukari iko juu na presha iko juu, na kidonda cha mguuni alichokuwa akikiita cha kujikwaa kilikuwa kimeoza ndani kwa ndani. Wakamkata vidole viwili vya mguu wa kushoto. Daktari akamwambia waziwazi, ukiendelea na maisha hayo tutaufuata mguu, na baada ya mguu sijui.

Alipoletwa nyumbani nilichukua daftari langu nikaenda. Nilimkuta amekaa sebuleni, mguu umefungwa bandeji umewekwa juu ya stuli. Nikamfungulia ukurasa wake.

"Nini hii?"

"Kiuno chako, Mangi. Tangu ulipofungua duka."

Akapitisha kidole kwenye namba, moja baada ya nyingine, mpaka chini.

"Wewe si uliniambia kitambaa?"

"Nilikudanganya. Tetroni hairudi."

"Miaka yote hii?"

"Yote."

Akalifunga daftari, akanirudishia. Nilitamani anitukane. Akasema taratibu tu, "Toka, Fundi. Nenda kwako." Nikatoka. Alipoanza tena kuja dukani alipita mbele ya baraza langu kila asubuhi kwa fimbo yake, bila kunitazama. Nyuma ya cherehani yangu nikawa nasikia hatua zake, moja nzito, moja nyepesi, na sikuweza kushona mshono ulionyooka mpaka apite.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe baadaye. Alikuwa na hasira nami, akataka mtu wa kumshitakia, akaenda kwa Mzee Salumu kwa sababu alijua mzee ni mteja wangu wa miaka mingi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa chakula chake cha mchana, sahani moja ya wali, mchicha na kipande cha samaki, akachora mstari katikati kwa kijiko. "Kula upande wako," akamwambia. "Tukimaliza utaendelea kumsema fundi."

Kesho yake Massawe akarudi kumsema tena. Na keshokutwa. Kila siku sahani moja, mstari katikati. Mwanzoni, anasema, alikuwa akitoka pale anapitia chapati mbili njiani. Baada ya wiki kadhaa akawa anapitia moja, halafu akawa hapitii. Mzee hakumwambia neno hata moja kuhusu sukari wala kitambi. Wakimaliza kula alimwomba amsindikize msikitini, kwa sababu barabara ina pikipiki nyingi. Mzee anaingia kusali, Mangi Mkristo wa watu anasubiri nje ameshika viatu vya mzee na fimbo zao mbili, kisha wanarudi polepole, mmoja na uzee wake, mwingine na vidole vyake vitatu. Dawa za hospitali alikuwa anakunywa kila siku, sitaki mtu anielewe vibaya, na kliniki hakukosa. Bia aliacha kabisa, mwenyewe anasema ile ndiyo ilimtoa machozi.

Miezi minane ilipita. Asubuhi moja nasikia hatua, moja nzito, moja nyepesi, mara zikasimama. Nikainua kichwa. Massawe amesimama mbele yangu, mkono mmoja una fimbo, mwingine umekamata suruali ya bluu isidondoke.

"Fundi," akasema, uso mkavu. "Kitambaa kimeongezeka."

Nilicheka mpaka nikashindwa, halafu nikaona kumbe nalia. Nikachukua tepu nimpime, na ile mbinu yangu ya kuuliza swali nikaisahau. Yeye ndiye akaniuliza, "Mama watoto hajambo?" Nikatikisa kichwa tu kwamba hajambo. Arobaini kasoro moja. Safari hii nilimsomea kwa sauti, na wapita njia wakasikia.

Tangu siku ile sikumdanganya tena mteja. Wengine walinuna, wawili walinihama. Mmoja alirudi baada ya kwenda kupima damu akanishika mkono. Fundi Athumani alinifundisha kazi nami namwombea kila siku, lakini lile neno lake la kitambaa kurudi nimeliacha kwake.

Mzee Salumu alinijia mara ya mwisho nikiwa nimeanza kushona kwa miwani miwili. Alikuwa amepita miaka tisini, yeye mwenyewe akisema cheti chake kiliandikwa kwa kukisia. Alitembea mwenyewe kutoka Mchafukoge. Nikampima, thelathini na mbili, nikatikisa kichwa kwa kumstaajabia kama kawaida yangu. Nikakunjua kitambaa cha kijivu, nikachukua mkasi.

"Safari hii niachie akiba," akasema.

Nikadhani sikusikia. "Nikuachie?"

"Inchi nne."

"Mzee, inchi nne utakaa kama umekalia mto! Na wewe hujaongezeka hata uzi."

"Si yangu mimi. Ya Mangi. Urefu wetu sawa. Kwa sasa ana ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Basi ana inchi mbili za kutembea mpaka aifikie. Mimi nikiondoka, Zuhura atampa. Usimwambie."

Nilishona suruali ile kwa siku nne, kazi ambayo zamani ilinichukua mchana mmoja. Sikuwahi kushona kitu kwa heshima kama ile. Mzee aliivaa mwaka na nusu hivi, na kweli alipokaa alikuwa juu kidogo kuliko watu.

Alifariki mchana, dukani kwake, baada ya kula upande wake wa sahani. Aliweka kijiko, akaegemea ukuta, na Massawe akadhani amesinzia. Sitawaambia kwamba kula kidogo kunamfanya mtu aishi milele. Fundi Athumani alikuwa mwembamba kama sindano na aliondoka mapema. Uhai una mwenyewe. Lakini nimeona kwa macho haya namna Mzee Salumu alivyoitumia miaka aliyopewa, amesimama kwa miguu yake mpaka siku ya mwisho, na najua nani alimrudisha Massawe kutoka alikokuwa anakwenda.

Mimi nilikuwa nimeshaacha kazi Massawe alipokuja hapa Ilala na mfuko wa rambo. Zuhura alikuwa akigawa nguo za baba yake, akampa suruali ya kijivu na ujumbe mmoja, apeleke kwa fundi yule yule. Alipoijaribu haikufunga, alikuwa ameongea na mkewe kwamba labda mzee amekosea. Nikaigeuza ndani nje, nikamwonyesha akiba iliyokunjwa pale nyuma, nikamweleza maneno yote. Alikaa chini kwenye mkeka, akaipakata suruali, akalia bila kujificha. Mimi pia.

Kisha nikampima. Thelathini na tano. Nikafumua kwa kupapasa, maana mikono yangu bado inaona. Nikafungua inchi tatu, Massawe akanitungia sindano, nikashona.

"Imebaki inchi moja humu ndani," nikamwambia.

"Ikate, Fundi."

Nikaikata. Akaingia chumbani akaivaa, akatoka akasimama mbele yangu, akafunga kishikizo. Nikaweka vidole viwili kiunoni kuona kama inambana, na kabla sijamwuliza kitu, Massawe akashusha pumzi yote.